Uliza Mwalimu: "Reversal" ya Kitu Gani?

Barua za safari hii zimetoka Kondele, Kakamega, Dunga, Kisumu, Bungoma na hapa hapa Nakuru. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wamekwama kwenye nomino moja ya Kiingereza. Nimeona nizijibu kwa pamoja, nikianza na ile iliyonigusa zaidi.

Mwalimu, habari za Nakuru? Nina kibanda cha M-Pesa hapa Kondele, na watu wa mtaa hunijia niwaandikie barua. Mteja wangu mmoja alilipa kodi ya nyumba kupitia benki, akakosea tarakimu moja ya akaunti, pesa zikaingia kwa mtu asiyemjua. Benki ikamtaka aandike barua. Nikamwandikia: "I hereby request for reversal of my money which I sent to wrong account. Kindly do for me reversal urgently." Barua ilirudi, tukaambiwa tuandike upya. Kosa liko wapi? *Mama wa kibanda, Kondele*

Mama, ahsante kwa kuniletea barua yenyewe badala ya kunisimulia tu. Mtu aliyepoteza kodi ya nyumba hana muda wa kurudi benki mara ya pili na ya tatu, kwa hiyo tuipitie neno kwa neno.

Tuanze na jepesi. "Request" ikiwa kitenzi haitaki "for". Husemwa "I request the reversal", basi. Hiyo "for" huja pale "request" inapokuwa nomino: "my request for the reversal". Kosa hili limeenea nchini hata kwenye barua zenye nembo na muhuri, na nadhani tunalichukua kwenye "ask for", ambayo kweli huitaka "for" yake.

Sasa tuje kwenye kiini. Umeandika "reversal of my money". Nomino hii inatokana na kitenzi "reverse", yaani kugeuza kitu kielekee kinyume cha kilikokuwa kikielekea, au kutengua jambo lililokwisha kufanywa. Kwa hiyo kila ukiiandika jiulize: ni kitu gani kilichofanywa, ambacho sasa kinatenguliwa? Pesa hazikufanywa. Kilichofanywa ni malipo. Malipo ndiyo yanayotenguliwa, nazo pesa hurudi kwa sababu malipo yametenguliwa. Kiingereza chake ni "the reversal of the payment", au "of the transaction", au "of the transfer". Pesa zenyewe zina vitenzi vyao: "the money was returned", "the money was refunded".

Najua kwamba hapo kibandani kila mtu husema "pesa yangu iwe reversed", na mnaelewana. Katika mazungumzo sina ugomvi nanyi. Lakini karani wa benki anayeisoma barua yako hatafuti pesa, anatafuta muamala mmoja katikati ya miamala mingi ya siku hiyo. Ukimwandikia "my money" hujamwonyesha pa kutazama. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kiasi, tarehe na nambari ya akaunti, nisivione. Ungejiuliza "reversal ya nini?" ungejikuta unaandika "of a payment of 8,500 shillings made on 3 March", na habari zote zingejileta zenyewe.

Kisha kuna "do for me reversal". Hiyo ni "nifanyie" yetu iliyovishwa nguo za Kiingereza. Sisi tuna kauli ya kutendea, tunaongeza kiambishi kidogo na mambo yamekwisha. Kiingereza hakina kiambishi hicho, na hapa hata nomino haihitajiki. Kitenzi kinatosha: "Please reverse the payment." Mtu akiona anaandika "do" au "make" mbele ya "reversal", mara nyingi ni dalili kwamba alitaka kitenzi.

Mwandikie mteja wako hivi, mjaze nambari zenu:

"I am writing to request the reversal of a payment of 8,500 shillings, which I made by mistake on 3 March to account number ... The correct account number is ... I attach a copy of the transaction message. Please let me know in writing when the payment has been reversed."

Tazama mwendo wake. Nomino imekuja mara moja, mwanzoni, ikiwa na "the" mbele yake na "of" nyuma yake. Mwishoni kimekuja kitenzi. Hakuna "hereby", hakuna "kindly", wala "urgently". Haraka ya mteja itaonekana kwenye tarehe.

Na kwa kuwa uko kwenye biashara hiyo, usichanganye "reversal" na "refund". Mtu akinunua viatu Oginga Odinga Street, akafika nyumbani akakuta soli imeachana, atavirudisha dukani apewe "refund". Mauzo yalifanyika kweli, na muuza duka anatoa pesa upya kutoka mfukoni mwake. Lakini aliyetuma M-Pesa kwa nambari ambayo hakuikusudia, akaupeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya maombi kama hayo, huyo anaomba "reversal", kwa sababu anataka muamala wenyewe utenguliwe na mfumo uliouruhusu. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Waambie wateja wako: mtu asiyejulikana akipiga simu akilia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Tazama salio kwanza, kisha mwambie aombe "reversal" kwa njia yake rasmi. Wezi wanaishi kwa watu wenye huruma ambao hawajui kwamba njia hiyo ipo.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne hapa Nakuru. Kwenye insha niliandika "The driver put the matatu in reversal" na "the reversal side of the paper", zote zikakatwa kwa wino mwekundu. Tena mwalimu wetu anatamka neno hili tofauti na ninavyolitamka mimi. Je, "reverse" si kitenzi tu? *Mtahiniwa, Nakuru*

Marahaba, mwanangu. "Reverse" ni kitenzi, ni kivumishi, na ni nomino pia. Hapo ndipo ulipoteleza. Gari huwekwa "in reverse". Upande wa nyuma wa karatasi ni "the reverse side" au "the reverse" tu. Na ukitaka kusema kinyume cha jambo, ni "the reverse": "He is not lazy, quite the reverse."

Nomino hizi mbili, "reverse" na "reversal", huzitenganisha kwa swali. Ukiweza kuuliza "lilitokea lini?", hiyo ni "reversal", maana ni tukio. Ukiuliza "liko upande gani?" au "kinyume chake ni nini?", hiyo ni "reverse". Gia ya matatu haikutokea, ipo tu pale chini ya mkono wa dereva.

Kile kijisehemu cha mwisho, "-al", kitakusaidia kukumbuka. Kinashikamana na vitenzi vya Kiingereza na kuvifanya majina ya matukio: "arrive" huzaa "arrival", "refuse" huzaa "refusal", "approve" huzaa "approval", "withdraw" huzaa "withdrawal". Vyote hivyo vina siku yake na saa yake. "Reversal" ni ndugu yao. Na kwa kuwa ni nomino ya tukio, usiigeuze kivumishi. "The reversal decision", ukimaanisha uamuzi uliotenguliwa, si sahihi. Ni "the reversed decision". Lakini "a reversal request", ombi la kutengua, ni nomino mbili zilizoshikana na haina ubaya.

Kuna mahali pamoja ambapo zinakaribiana. Jeshi au timu ikipata pigo, Waingereza husema "suffered a reverse" au "suffered a reversal", na zote zinakubalika. Kwenye mtihani andika "reversal", ndiyo inayozoeleka zaidi siku hizi.

Makanga wa hapa kwetu hupiga kelele "reverse back!" dereva anaporudi nyuma stejini. Ukiandika, acha "back". Kurudi nyuma kumo tayari ndani ya "reverse". Na ile simu unayopiga kwa kutanguliza alama ya reli ili anayepokea ndiye alipe, jina lake ni "reverse call". Usiseme "reversal call", hakuna kilichotenguliwa hapo.

Kuhusu matamshi, mkazo uko kwenye silabi ya kati: re-VER-sal. Sisi Waswahili mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo safari hii ulimi wako hauna kazi ya ziada.

Bi. Mwalimu, mimi ni karani katika ofisi ya wakili mjini Kakamega. Katika muhtasari niliandika kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilitoa "a reversal of the presidential election". Wakili akaufuta mstari huo na kuandika "nullification". Hakunieleza. Je, si ni kitu kimoja? Na kwenye mambo ya ardhi tunasema "reversal" au "reversion"? *Karani, Kakamega*

Bwana Karani, wakili wako yuko sahihi, na sababu yake ni nzuri kuijua kwa mtu wa kazi yako.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa urais uliofanyika Agosti. Uchaguzi uliofutwa huhesabiwa kuwa haukuwa na nguvu tangu mwanzo, ndiyo maana wananchi walipiga kura upya tarehe 26 Oktoba. Jambo hilo ni "nullification" au "annulment". Kama ungekuwa "reversal", maana yake matokeo yangegeuzwa: aliyetangazwa mshindi awe ameshindwa, na aliyeshindwa atawazwe. Hilo halikufanyika.

Kuna na sababu ya pili, ya kisheria. Mahakamani, "reversal" ni pale mahakama ya juu inapoipindua hukumu ya mahakama iliyo chini yake. Ni neno la rufaa. Kesi ya uchaguzi wa urais haipandi kutoka chini, Katiba inaipeleka moja kwa moja Mahakama ya Juu. Mwaka 2017 hapakuwa na hukumu ya chini ya kupinduliwa, kwa hiyo hata kwa maana hiyo nomino yako haikuwa na pa kushika.

Ukitaka mfano mzuri, uko kwenye kesi ya BBI, ule mpango wa kuibadilisha Katiba ulioitwa Building Bridges Initiative. Mahakama Kuu iliusimamisha mchakato ule Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono sehemu kubwa ya hukumu hiyo Agosti mwaka huo huo, kisha tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake. Katika baadhi ya hoja ilikubaliana na mahakama za chini, kwa mfano kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyowekewa wananchi. Katika nyingine ilizipindua, ikiwamo ile hoja ya kwamba Katiba ina muundo wa msingi usioguswa kwa njia za kawaida. Hapo unaandika kwa moyo mweupe: "the Supreme Court's partial reversal of the Court of Appeal's judgment". Ona jinsi kila kitu kilivyo mahali pake. Aliyepindua yuko mbele, amefungwa kwa "'s". Kilichopinduliwa kiko nyuma, kimefungwa kwa "of". Na "partial" imekaa katikati ikisema ukweli ambao vichwa vya habari huusahau. Kinyume chake, hoja iliyokubaliwa ni "upheld".

Utakuta mawakili wakiandika "reversal" bila "the" wala "a": "The appellant seeks reversal of the ruling." Ni desturi yao na si kosa. Nje ya mahakama, weka kijineno hicho. Sisi lugha yetu haina "a" wala "the", ndiyo maana ni rahisi kwetu kuviangusha njiani.

Ama ardhi, hiyo ni "reversion". Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa kukodi, na mkataba huo hauzidi miaka 99. Muda ukiisha, ardhi inarudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyepindua kitu, muda tu umetimia na mali imerejea ilikotoka. Kurejea huko ndiko "reversion", na kitenzi chake ni "revert", wala si "reverse". Ukiandika "the reversal of the land" kwenye hati, msomaji atadhani kuna uamuzi fulani uliotenguliwa na ataanza kuutafuta.

Mwalimu, mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, hapa Dunga. Naandika ripoti ya wafadhili kuhusu mafuriko ya ziwa. Niliandika: "There was a reversal of the lake in 2020." Mwenzangu ananicheka. *Katibu, Dunga*

Mwenzako asikucheke, akusaidie. Ziwa Victoria halikugeuka. Kilichogeuka ni mwelekeo wa kina cha maji yake, kutoka kupungua hadi kupanda. Mwaka 2006 kina kilikuwa chini sana, ukame ukichangia, na maji mengi yakiwa yameachiliwa kwenye mabwawa ya Jinja. Kisha zikaja mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limepita hata alama ya mwaka 1964. Wewe uliyeona maji yakiingia kwenye vibanda vya samaki unajua nisemalo kuliko mimi niliye huku Nakuru, ingawa na sisi ziwa letu lilimeza lango kuu la zamani la mbuga.

Andika: "By May 2020 the lake stood at a record high, a complete reversal of the situation in 2006." Au, kama ripoti yako inafuata kina mwaka hadi mwaka, "a reversal in the trend". Utaona nimetumia "of" kwanza na "in" baadaye. "Of" hutangulia kile kilichopinduliwa. "In" hutaja eneo ambamo mgeuko umetokea, kama vile "in policy", "in prices", "in the trend". Kwa "trend" zote mbili husikika, usikose usingizi kwa hilo.

Kama ripoti ina sehemu ya samaki kuongezeka baada ya kupungua, huko tumia "recovery". "Reversal" husema tu kwamba mwelekeo umegeuka, haisemi kwamba hali imekuwa njema.

Mimi ni muuguzi Kisumu, kwenye chumba cha upasuaji. Sisi husema "Has the patient been reversed?" Je, naweza kuandika "reversal of the patient" kwenye faili? *Muuguzi, Kisumu*

Dada, hapana. Najua mnavyosema mkiwa kazini, na daktari wa usingizi anawaelewa mara moja. Lakini faili litasomwa na mtu ambaye hakuwepo, pengine usiku, pengine mgonjwa akiwa na shida. Kinachotenguliwa ni nguvu ya dawa iliyolegeza misuli, si mgonjwa. Andika "reversal of neuromuscular blockade" na utaje dawa iliyotumika, kwa mfano "with neostigmine and atropine", na saa. Ni swali lile lile nililomuuliza mama wa Kondele, ila hapa majibu yake yana uzito wa uhai wa mtu.

Mwalimu, mume wangu aliumia mguu kwenye ajali. Tangu hapo mimi ndiye ninayeendesha boda boda yake, yeye anapika na kuwalea watoto. Chama chetu kimepata wageni wa kutoka nje na nimeombwa nieleze maisha yangu kwa Kiingereza. Nimeandika: "In my house there is reversal of role." Niiache hivyo? *Mama wa boda, Bungoma*

Pole kwa ajali, dada yangu, na hongera kwa kushika usukani.

Una njia mbili. Ya kwanza ni "a role reversal", ambapo "role" inabaki umoja kwa kuwa imetangulia na kuifafanua nomino nyingine. Ya pili ni "a reversal of roles", na hapo "roles" lazima iwe wingi, maana majukumu ni mawili na yamebadilishana wenyewe. Hilo la kubadilishana ndilo linaloifanya nomino hii ikufae. Kama wewe ungekuwa unaendesha na yeye amekaa tu, ningekuambia uandike "I have taken over his work", kwa sababu hakuna kilichogeuka, mzigo umeongezeka upande mmoja tu. Kwenu kila mmoja amechukua kazi ya mwenzake.

Usilisome neno hili kwa huzuni, wala usilieleze kwa kuomba radhi. Ni kweli kuna "a reversal of fortune", ambayo mara nyingi ni ile ya mpanda ngazi hushuka, na "suffer a reversal" daima ni pigo. Lakini "role reversal" haina ubaya wala uzuri ndani yake, inataja tu kilichotokea. Wageni wako wataamua wenyewe baada ya kukusikia.

Simama useme: "Since the accident there has been a complete role reversal in our house. I ride the boda boda, and my husband does the cooking and looks after the children." Kisha waambie abiria wako wa kwanza walisema nini walipoona mwanamke ndiye dereva, maana hilo ndilo watakalotaka kulisikia.